Jinsi Fergal Tierney Alivyoulinda Mchuzi wa Jumapili

Sogeeni, enyi mlao kwa uma na enyi mlao kwa kipande cha mkate, msikie habari za Fergal Tierney, dereva wa tramu, simba wa Filadelfia ya Kusini, ambaye Jumapili moja alisimama mbele ya sufuria ya Mama Assunta Marcantonio wala asikimbie.

Ijulikane kwanza kwamba shujaa huyu aliingia nyumba ile na doa. Alikuwa akimchumbia Loredana, binti wa pekee, lakini alikuwa Mwairishi katika nyumba ya Waitalia, na kwa kina Tierney, Mungu awasamehe, mchuzi wa nyanya hununuliwa ukiwa ndani ya chupa. Mwaka mzima Mama Assunta hakuwa amesema ndiyo wala hapana juu ya ndoa hiyo. Asubuhi ile alimkabidhi mwiko.

"Nakwenda Misa na Loredana," akasema. "Nyanya zimo, mbavu zimo, kababu zimo. Wewe koroga tu. Moto usiuguse, mwiko usiuache."

"Mama," akanena Fergal, akiushika mwiko kama mkuki, "mpaka urejee, mkono huu hautalala."

"Mdomo ndio naona haulali," akasema Mama Assunta, akatoka.

Basi akakoroga. Mchuzi ukamrushia matone mekundu kwenye shati jeupe, naye hakurudi nyuma hata hatua. Mezani aliketi Mjomba Nunzio, kaka yake Mama Assunta, akila kababu alizoiba.

"Kwenu huwa mnakoroga nini, bwana? Chai?"

"Kwetu tunafungua kifuniko, Mjomba."

"Basi leo fungua macho."

Ndipo adui akatokea upande wa barabara. Mbele ya nyumba palikuwa na kiti cha plastiki kinacholinda nafasi ya gari la Loredana, na mtaa mzima unajua kiti cha namna hiyo hakiguswi. Mgeni mmoja alikuwa akikisogeza. Fergal akachomoka nje, mwiko mkononi.

"Kaka," akasema, "hicho kiti kina mwenyewe, na mwenyewe ana mama."

Mgeni akautazama mwiko unaodondosha matone mekundu, akakirudisha kiti, akaenda zake.

Lakini shujaa aliporejea jikoni alikuta mchuzi umeshika chini. Harufu yake ilikuwa hafifu bado, ila ilitosha kumkosesha mke. Fergal akaogopa kweli.

"Kwangua upesi," akanong'ona Mjomba Nunzio. "Kwangua, changanya, tia sukari. Hatajua."

Mkono ulikuwa umeshainuka. Lakini wana wa Tierney, ijapokuwa mchuzi hawaujui, uji wa shayiri wanaujua tangu kuzaliwa, na uji ulioshika chini ukiukwangua umeuharibu wote. Akazima moto. Akaikumbatia sufuria ile kwa mataulo, akamimina mchuzi wa juu katika sufuria ya pili, polepole, jasho likimtiririka, na ule weusi akauacha kaburini mwake.

Mama Assunta akaingia, akaona sufuria mbili.

"Mama, mchuzi uliungua," akasema Fergal. "Nilitoka nje kutetea kiti."

Mama Assunta akainusa ile iliyoungua. "Ulikwangua?"

"Sikuugusa ukoko."

"Na huyu hakukwambia ukwangue?"

Fergal akaufuta mwiko. Mjomba Nunzio akawa anachunguza dari.

"Huyu alikwangua siku ya harusi yangu," akasema Mama Assunta. "Ukumbi mzima ulikula masizi."

Akamega ncha ya mkate, akachovya katika sufuria ya pili, akatafuna kwa muda mrefu. Akamega ncha nyingine, akachovya, akampa Fergal.

"Loredana," akaita, "mwambie padri atupe siku."

Ndivyo mataifa mawili makuu yalivyopatanishwa juu ya jiko la gesi. Naye shujaa, mchumba sasa mbele ya Mungu na ya mama mkwe, akakunja mikono ya shati, akaisugua ile sufuria nyeusi mpaka saa ya kula. Na waandishi wote wa tarehe wanakubaliana kwamba hajapata kutokea mwanadamu aliyesugua sufuria kwa furaha namna ile.