Kompaila Mpya Haina Mchezo

Jumatatu, 3 Machi
Mjukuu wangu anaoga, kompyuta yake inauliza: toleo jipya lipo, sakinisha? Imeuliza kwa adabu. Hapa nyumbani nani mwingine ananiuliza kwa adabu? Nimebonyeza Ndiyo. Ikanguruma, ikanyamaza. Kazi safi, na chuo sijaenda.

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Programu yake ya kupanga foleni ya wagonjwa wa zahanati imegoma kujengeka. Makosa mia mbili na kumi na nne! Ijumaa asipoikabidhi, kazi anapewa mwingine. Anasema kompaila, yaani kile kinachosoma alichoandika na kukigeuza kuwa programu, imebadilishwa. Nani kaigusa? Nikasema nilimwona wifi yangu akipangusa vumbi pale. Wifi akaapa mpaka mate yanamruka. Si ana darasa la saba? Ajitetee.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia airudishe ya zamani. Akasema, "Bibi, zahanati nao wanatumia mpya." Ya zamani ilimwacha atumie kitu bila kukitaja kwanza mwanzoni mwa faili. Mpya ikikuta kitu hakijatambulishwa, inakataa kazi nzima. Nimeipenda! Hata sebuleni kwangu mtu haketi kabla sijajua ni wa nani. Sikumwambia, alikuwa analia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejitolea kumsomea makosa, yeye akirekebisha. Mengine yalijirudia maneno yale yale, nikayaruka. Nani ana muda wa porojo mara mbili? Tukamaliza mapema. Akajenga tena: makosa sitini na moja! Kumbe kila rudio lilikuwa la faili jingine. Nikasingizia macho. Wifi akavaa miwani, akasoma yote bila kuruka hata nukta. Kujipendekeza tu!

Ijumaa, 7 Machi
Sifuri! Zahanati wamepokea, kazi ni yake. Nikapiga vigelegele. Ndipo mjukuu akafungua kumbukumbu za kompyuta: toleo jipya liliwekwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Saa hiyo wifi alikuwa kwa daktari wa meno, na pengo analo. Wote wakanitazama. Nikamwomba wifi msamaha, jikoni, mashine ya kusagia ikinguruma.

Jumamosi, 8 Machi
Kompyuta imefungwa kwa neno la siri. Ndiyo shukrani hiyo! Lakini sifa zangu zimefika mbali: fundi cherehani, jirani yetu, analalamika simu yake nzito. Nimemwambia aniachie, arudi jioni. Kuna mahali pameandikwa "Futa vyote". Usafi tu huo. Nabonyeza.