Herufi Mbili Kwenye Damu Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Kuna njama! Karatasi ya bima imekuja na posta. Humo kuna kipimo changu cha kuchomwa kidole zahanati kila Ijumaa, maana natumia dawa ya kuzuia damu isigande. Namba ya utambulisho ya kipimo ipo, sawa. Lakini pembeni yake wamebandika herufi mbili, Q na W. Nani kaziomba?

Nimeipeleka dukani nikamwonyesha Orville Napier, jirani yangu na adui yangu tangu tulipokuwa wote mgodini. Akachomoa ya kwake, ya zahanati ileile. Namba tupu! Jina la kipimo kalifunika kwa dole gumba. Nimeliona hilo, sipitwi na kitu mimi. "Pole, Hobart," kasema, "wengine bili zetu hazioti mkia." Duka zima likacheka. Hata mbwa wa muuzaji.

Jumatano, 5 Machi
Nimemvamia Twyla, anayepima na kuandika bili pale zahanati ya Pigeon Fork. Nimempelekea pai ya tufaha. Ya dukani, ila nimeivuruga kingo ionekane nimeoka mwenyewe. Kala vipande viwili ndipo kafungua mdomo.

Kumbe herufi zile maana yake kipimo ni chepesi! Chepesi mpaka serikali inaruhusu zahanati ndogo yenye kibali kidogo ikifanye, na herufi ndizo zinazoiambia bima hivyo. Damu yangu, nyepesi! Damu ya mtu aliyetoka kwenye mgodi ulioporomoka na wanaume wanne mgongoni! (Orville anadai aliyebebwa ni mmoja tu, na ni mimi.)

Nikamwambia azifute. Akasema mzee wangu, nikizifuta bima inairudisha bili. Mbona Orville hana? Akasema habari za mgonjwa mwingine hatoi hata kwa pai kumi. Ahaa! Orville anafuga nyuki. Hapa kuna asali imepita.

Ijumaa, 7 Machi
Kidole kimechomwa, herufi nimezimaliza. Nimengoja Twyla aondoke kwenda kwa dada yake Ohio, nikapiga simu zahanati. Kashika binti mgeni anayemshikia nafasi. Nimebana pua, nikajiita Bwana Prescott wa bima. Nikamwambia kuanzia leo herufi zile marufuku kwa wazee wote wa Pigeon Fork. Akasema ndiyo bwana, asante bwana. Sauti niliyoitoa! Ningekuwa mwanasiasa mimi.

Jumatatu, 24 Machi
Balaa. Bili zimerudi, zote! Bima inasema bila herufi inaonekana zahanati inafanya vipimo vizito isivyo na kibali navyo. Daktari kakifungia kabatini kile kimashine cha kupimia damu mpaka mambo yanyooke. Wenye damu kama yangu twende mjini, saa moja na nusu kwa gari. Gari langu linazimika kabla ya kanisa.

Binti yangu Renita kapata habari. Nani kampa? Orville tu. Kanipigia: baba, ukikosa kipimo Ijumaa hii, nakuja na maboksi, unahamia kwangu. Kwake ni ghorofa ya nne! Kuna paka wawili, na maharage hayapikwi humo. Nikamwambia mimi nyumba hii nitatolewa nimelala. Akasema ndicho anachokiogopa.

Jumatano, 26 Machi
Bwana Prescott kapiga simu tena, kuzirudisha herufi. Kashika Twyla mwenyewe. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Asante sana, Bwana Prescott. Mwambie mzee Hobart aachie pua, kwa umri wake anahitaji hewa."

Kanijuaje? Simu hii ina kitu ndani. Kasema bili kashazituma upya na herufi zake, na anasubiri pai. Safari hii nioke kweli.

Ijumaa, 28 Machi
Renita kaja asubuhi na maboksi. Kumi! Nina vitu vya kujaza mawili. Tumekaa zahanati bega kwa bega, funguo za gari anazichezesha. Twyla akatokea na kimashine. Bima imekubali. Tone moja, tukangoja, namba nzuri. Renita kanibusu kipara, karudi mjini na maboksi yake matupu. Nabaki kwangu! Nimeapa herufi zile sizigusi tena maishani.

Nikiwa navaa koti, Orville katoka msalani ananyata, kikombe cha mkojo kakificha chini ya kofia. Twyla kachovya kikaratasi, kaangalia rangi, kamaliza. Kumbe ndicho kipimo chake!

Nikamnong'oneza Twyla: hiki cha kuchovya nacho kina herufi? Akacheka, akasema hakina, hicho ni chepesi mno mpaka wameona herufi za nini.

Hakina herufi! Nimesikia kwa masikio yangu haya. Hayo mengine kaongeza kunizuga, asali hiyo inamsemesha. Kwa hiyo kipimo cha wakubwa ndicho hicho, na miaka yote wanampa Orville kimyakimya, mimi wananipotezea muda na kidole!

Jumatatu natangulia mlangoni na kikombe changu mwenyewe. Kile cha nusu lita. Nimeshaanza kunywa maji.