Siku Kompyuta Iliponioza Wake Saba

Rafiki zangu wa Nkwenda, leo nimeaibika. Nimeaibika mchana kweupe, mbele ya watu waliovaa nguo za Jumapili.

Nawaandikia haraka kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa soko, maana wao wataongeza chumvi. Mabomu ya vita ya sabini na nane yalinikosa, mnajua, tulikuwa wote mgambo. Leo nimepigwa na karatasi. Na walionifikisha hapa nawataja kwa majina: Fidelis wa Mwanza, na Mkuu wetu wa Shule, Mwalimu Anselmi. Wa tatu mtamjua wenyewe mkisoma.

Kazi yangu mnaijua. Tangu wazazi wa huku Kituntu wajenge hii sekondari yetu ndogo, daftari la wanafunzi nalishika mimi. Darasa la nne langu lilinitosha. Mtoto akitaka kujua alizaliwa lini, anakuja kwangu. Mtoto akiulizwa kwao ni wapi, mimi najibu kabla yake.

Januari tukapata kompyuta ya msaada, kuukuu, na jenereta ya kuiwasha. Mwalimu Anselmi akasema majina yote yatoke kwenye daftari yaingie humo. Programu za kufanya hiyo kazi zilikuwa mbili, kamati ichague moja. Halafu akanivuta pembeni.

"Mzee, hili likienda vizuri, wewe unabaki mtunza kumbukumbu wetu. Likiharibika, bodi itaniuliza kwa nini nimemweka mtu wa darasa la nne kwenye kompyuta. Nami sitakuwa na la kujibu."

Basi toka siku hiyo usingizi wangu ukawa wa sungura.

Programu ya kwanza aliileta Mwalimu Adventina, binti mgeni anayetufundishia hesabu. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani, Kizungu kitupu. Haina hata salamu. Akatueleza taratibu, "Hii inampa kila mzazi namba yake. Hata majina yafanane vipi, watu hawachanganyiki."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, mzazi apewe namba kama ng'ombe anapelekwa josho?"

Kamati nzima ikacheka. Adventina akainamisha macho. (Nilijiona mjanja siku ile. Laiti mtu angenipiga kofi.)

Ya pili akaileta Fidelis. Tai shingoni, viatu vinang'aa, na vumbi lote lile la barabara sijui alilikwepaje. Akanifuata mimi kwanza.

"Shikamoo mzee. Hapa wanakuitaje?"

"Marahaba. Ishebarongo."

Akabonyeza bonyeza. Mara skrini nzima: KARIBU ISHEBARONGO.

Jamani! Umri wote huu hakuna kitu cha umeme kilichowahi kunikaribisha. Redio yangu yenyewe ya mkulima inanikoromea tu.

Sasa nyinyi mnajua, lakini Fidelis hakujua. Huku kwetu mtu akizaa mapacha, jina lake la zamani linawekwa kando. Baba anakuwa Ishebarongo, mama Nyinabarongo, mpaka kufa. Kumwita kwa jina lake la ubatizo ni kama kumvua kofia hadharani. Mimi na mke wangu Pelagia tulipata mapacha, Mungu alitupa. Lakini hakutupa sisi peke yetu. Fidelis alidhani Ishebarongo ni mimi tu, kama yeye alivyo Fidelis.

Tukapiga kura. Mbili huku, mbili kule. Ikabaki yangu, mwenye daftari.

Adventina akaninong'oneza, "Baba, usiichague kwa sababu imekusalimia."

"Naichagua kwa sababu ni ya Kiswahili," nikasema kwa sauti, wote wasikie.

(Uongo. Niliichagua kwa sababu ilinisalimia.)

Kuhamisha majina kulichukua wiki tatu. Mimi nasoma kwenye daftari, Fidelis anachapa. Nikamwambia aanze na watoto wangu, maana mwenye nyumba hapangi foleni. Akaanza nao. Baba: Ishebarongo, mfanyakazi wa shule. Mama: Pelagia.

Hapa niwaeleze daftari langu lilivyokuwa. Jina la mama nilinakili kwenye cheti cha ubatizo cha mtoto, kwa sababu mama ndiye analeta cheti. Baba sikumuuliza mtu. Nawajua! Na kwa kuwa nawajua, niliwaandika kwa heshima zao. Baba mwenye mapacha nikamwandika Ishebarongo, nikafunga mstari. Kila mmoja alikuwa na ukurasa wake. Ukurasa wenye doa la chai ni Ishebarongo wa bondeni. Uliochanika pembeni ni mchungaji, naye ana mapacha. Mimi mwenyewe sikuwahi kukosea hata mara moja.

Tukafika kwa Ishebarongo wa pili. Kompyuta ikasimama, ikauliza: MZAZI HUYU YUMO. AUNGANISHWE?

Fidelis akanigeukia. "Mzee, Ishebarongo yumo tayari?"

Mimi nikadhani mashine inauliza kama jina hilo imeshajifunza. Nikafurahi, nikasema moyoni hiki chombo kina akili. "Yumo, yumo! Wewe endelea."

Akaunganisha. Wa tatu, akaunganisha. Mpaka wa saba nilikuwa namjibu kabla hajauliza.

Tulipomaliza, Fidelis akafunga mkoba wake, akalipiga daftari langu kofi mgongoni. "Hili sasa mpeni mpishi awashie moto."

Mkuu Anselmi alikuwepo. Alisikia. Hakusema neno, alikuwa anaipangusa kompyuta vumbi kwa leso yake. Na mimi, kwa mikono yangu hii, nikalipeleka jikoni. Miaka yote ya mwandiko wangu ikaivisha maharage. Fidelis akapanda basi Kayanga, hatujamwona tena.

Ndivyo tulivyofika leo.

Siku ya wazazi. Mgeni rasmi katoka ofisi za wilaya. Asubuhi Anselmi akawasha jenereta, printa ikalia kama mbuzi anayeburutwa, ikatoa orodha ya familia zote za shule. Karatasi ndefu yenye matundu pembeni. Familia yenye watoto wengi inatangulia.

"Mkuu," nikamwambia, "orodha hiyo nisome mimi."

"Basi ipitie kwanza."

"Niipitie ya nini? Majina hayo nayajua kuliko wenyewe."

Nikasimama. Koti langu la harusi, kola imenibana mpaka masikio yanawaka. Pelagia kakaa mstari wa mbele, kavaa kitenge kipya, ananitazama kwa fahari ambayo sikuiona kwake tangu mapacha wazaliwe. Nikaanza, kidole juu ya karatasi.

"Familia ya kwanza. Baba: Ishebarongo, mfanyakazi wa shule."

Makofi! Nikainama kidogo kushukuru. (Nilishukuru! Niliinama!)

"Watoto: kumi na saba."

Makofi yakapungua. Mimi na Pelagia tuna watoto watano, na waliopo shuleni ni wawili. Lakini msomaji wa darasa la nne, akishaanza kusoma, macho yanafuata neno na akili inabaki nyuma inatafuta viatu. Nikaendelea.

"Mama: Pelagia. Mama: Domitila. Mama: Yustina."

Halafu kicheko kimoja kule nyuma, cha mwanamke.

"Mama: Koleta. Mama: Speransia. Mama: Elizabeti..."

Elizabeti ni mke wa mchungaji. Nilipotamka, akili yangu ndiyo ikafika. Nikanyamaza, kidole bado kimeganda pale pale. Mchungaji alikuwa meza kuu, pembeni ya mgeni rasmi. Nikamwona anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena, kana kwamba tatizo liko kwenye miwani.

Pelagia akasimama.

"Ishebarongo, mbona umenyamaza? Soma. Nataka nijue wenzangu tuko wangapi."

Mnaijua sauti ile. Nilisoma. "Mama: Venansia." Saba.

Hapo uwanja ukapasuka. Watu walilala kwenye majani. Domitila, mama mtu mzima mwenye wajukuu, akapaza sauti, "Bwana wangu, mbona kwangu hujafika hata siku moja kupalilia kibanja cha migomba?" Mumewe mwenyewe akamjibu, "Mwache apumzike, mama, ana nyumba saba!" Mgeni rasmi alijifunika uso kwa ratiba ya sherehe, mabega yanaruka.

Hata mimi nilitaka kucheka. Ningecheka, yangeisha kwa mzaha, labda.

Lakini akasimama Habimana. Mnamkumbuka, yule aliyekuja kutoka Rwanda miaka ile, alianza kwa kulima vibarua kwenye migomba ya watu, sasa ana kahawa yake. Majirani ndio waliompa heshima ya Ishebarongo mke wake Venansia alipojifungua mapacha, nami nikamwandika hivyo hivyo. Habimana hacheki ovyo. Akavua kofia.

"Mzee, kule nilikotoka niliacha ng'ombe. Niliacha nyumba, na kaburi la mama yangu. Watoto nilivuka nao mgongoni. Kwenye karatasi yenu ya serikali, wale watoto ni wa nani?"

Kicheko kikakatika kama mtu amezima jenereta.

Najua kupoteza vitu, rafiki zangu, nyinyi mnajua nilirudi kutoka vitani nikakuta majivu matupu pale nyumbani. Na bado mimi ndiye niliyemchukulia mwenzangu kile kimoja alichobaki nacho, kwa kusema "yumo, yumo."

"Ni wako, Habimana," nikasema. "Nimekosa mimi."

"Basi andika," akasema, akakaa.

Sherehe ikafungwa kwa sala fupi. (Mchungaji hakunitazama.) Ofisini tukakaa watatu: Anselmi, Adventina na mimi.

"Lete daftari la zamani turekebishe leo leo," akasema Anselmi.

"Daftari si lilikwenda jikoni, Mkuu."

"Nani aliruhusu?"

Nikamtazama. Akatazama dirishani. Fidelis alisema, yeye alinyamaza, mimi nilibeba. Lakini aliyeulizwa ni mimi, na ufunguo wa ofisi uliowekwa mezani ulikuwa wangu. Nimeurudisha leo saa tisa alasiri. Adventina ndiye mtunza kumbukumbu sasa, na ile programu yake ya kijani ndiyo inaingizwa upya.

Binti yule hakunicheka. Ingekuwa nafuu. Aliniambia tu, "Shikamoo baba. Jumatatu naanza kupita nyumba kwa nyumba kuandika majina. Nyumba sizijui. Utanisindikiza?"

Nimekubali. Nitamwongoza mlangoni, nitabaki uani, yeye ataingia na kalamu. Tutaanza kwa Habimana.

Kinachoniuma si ufunguo. Kinachoniuma ni kwamba yote yale nilikuwa nayo kichwani, watoto wote, mama zao, doa la chai na ukurasa uliochanika, nikamkabidhi mtu wa tai kwa sababu mashine yake ilinikaribisha. Mwalimu wetu wenyewe alinionya, nikamfanyia dhihaka mbele za watu.

Pelagia kaniwekea chakula leo. Sahani saba. Sita tupu.

Basi nawaomba, rafiki zangu, msinicheke. Atakayecheka, najua kwao, najua mama yake, na kuandika bado naweza: nitamwandikisha naye awe mtoto wangu.