Kifaru cha Marehemu Mwinjuma

Jumatatu, 30 Mei 1994. Chamazi.

Leo nimelifungua boksi. Najua, najua. Mtani huchukua, hatumii. Lakini limekaa chini ya kitanda changu karibu wiki nne, na mimi ni binadamu.

Niandike ilivyokuwa, nisije nikasingiziwa. Mzee Mwinjuma, jirani yetu, askari mstaafu, alifariki mwanzoni mwa mwezi huu. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Watani tangu enzi za wapagazi. Siku ya maziko nilifanya kazi yangu ya utani barabara. Nilivaa kofia yake ya jeshi, nikachechemea kama yeye, nikajilaza kitandani kwake nikadai uji. Watu walilia huku wanacheka. Mwisho nikachomoa boksi lake uvunguni, nikatangaza kwamba silirudishi mpaka nipewe ng'ombe mwenye ndama. Wakaleta jogoo. Nikamkataa. Tukakubaliana watalikomboa siku ya arobaini.

Ndani kuna kifaru cha vita cha plastiki, cha kuunga mwenyewe vipande. Urefu wake kama kandambili yangu. Maelezo ya Kirusi. Kimeungwa nusunusu, gundi imekuwa rangi ya chai ya rangi. Askari watatu wadogo wameshakaa ndani. Kiti cha dereva kitupu! Chini ya tumbo marehemu amekwaruza majina kwa sindano: Elinaza, Erasmus, Mbwana. Mstari wa nne hauna jina.

Kinanuka dizeli. Kitu cha plastiki, kwenye boksi la karatasi. Nimenusa mara tatu. Ni dizeli.

Jumanne, 31 Mei

Adelard kaja kuringa. Huyu ni fundi cherehani, kibanda chake kinatazamana na mlango wangu, na macho yake hivyohivyo. Kasema duka moja jipya la Kariakoo limetangaza shindano la kazi za mikono, uwanja wa shule, Jumamosi tarehe 11. Zawadi ya kwanza televisheni. Ya rangi! Na Kombe la Dunia linaanza tarehe 17. Yeye anajenga ghorofa la njiti za kiberiti, lina ngazi mpaka juu. Akaongeza, kwa sauti ya kusikika na mtaa mzima, kwamba Romani, yaani mimi, tangu apunguzwe kiwandani hajatengeneza kitu zaidi ya kelele.

Haya, Adelard. Ngoja.

Shindano Jumamosi, arobaini Jumapili. Mwenyezi Mungu amezipanga kwa mkono wake. Nitakimalizia kifaru, nitashinda, kesho yake nitakirudisha kwa wenyewe kikiwa kizuri kuliko nilivyokichukua. Nani ameumia hapo?

Mke wangu Demetria, mwalimu, kauliza televisheni tutaichomeka wapi wakati Chamazi haina umeme. Nikamjibu betri ya gari. Akauliza betri ya gari gani. Walimu wana maswali mengi.

Alhamisi, 2 Juni

Maboresho. Mtutu wa kifaru ulikuwa mfupi, wa aibu. Nimeurefusha kwa mrija wa kalamu. Minyororo imekatika, nimeweka vipande vya tyubu ya baiskeli. Rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka mlango. Nimetia vioo vya pembeni, vya karatasi ya fedha ya sigara, maana Warusi walisahau. Nyuma nimeandika kwa rangi ya kucha ya Demetria: HASIDI HANA SABABU. Kimependeza mno.

Jambo moja dogo. Saa saba mchana, jua la utosi, mtaa umekufa kabisa, hata kuku wamejificha. Nilitoka kunawa mikono. Mtutu nilikuwa nimeuelekeza dirishani, kwa Adelard, kwa makusudi. Niliporudi ulikuwa umeelekea kwenye kiti changu. Kichwa chote kimegeuka. Nikakirudisha dirishani, kikawa kizito kama kina kutu, na plastiki haishiki kutu.

Upepo, nadhani. Ingawa upepo haukuwepo.

Jumamosi, 4 Juni

Nimeitwa msibani. Bi Mwanakombo, mjane, yuko eda, haonani na wanaume. Nilikaa ukumbini, yeye nyuma ya pazia, binti yake Nusaiba akikaa mlangoni kutufikishia maneno, ingawa kila mtu alisikia kila kitu.

Mama aliuliza kama kitu cha mumewe ni kizima. Nikasema kizima kama yai.

Ndipo akasimulia. Kule vitani mumewe alikuwa dereva wa kifaru. Siku moja mchana walisimama, yeye akateremka kuteka maji. Aliporudi, kifaru kinawaka, na wenzake watatu wamo ndani. Tangu hapo, kila ikifika saa saba alikuwa akiwasikia wanamwita dereva. Kifaru cha plastiki alipewa na mwalimu wake Mrusi. Miaka kumi na tano anakiunga, akifika kwenye kiti cha dereva anafunga boksi. Alisema gari lisilo na dereva haliondoki.

Pazia likasogea, ukatoka mkono mmoja umeshika kijitu cha mti wa mkorosho, kidogo kama njugu. Mzee alijichonga mwenyewe kabla ya kufa. Aliusia kwamba arobaini ikitimia awekwe kwenye kiti chake, awaendeshe wenzake, wapumzike wote. Kwa hiyo Bi Mwanakombo ananiomba jambo moja tu, mtani wake: nisimweke mtu mwingine kwenye kile kiti.

Niliapa. Nilisikitika kweli, machozi yalinitoka. Nusaiba akanipa kitambaa.

Njiani kurudi nikakumbuka kwamba waamuzi wa shindano watakata alama kwa kifaru kisicho na dereva.

Jumatatu, 6 Juni

Nimepata dereva! Juu ya kabati letu kuna bwana na bibi harusi wa plastiki, wa keki yetu ya mwaka 1981. Vumbi tupu. Nimemkata bwana kiunoni kwa msumeno wa chuma, nikampaka kijani suti yake, nikamkalisha. Kimo sawasawa. Mabega sawasawa. Kama kiti kilipimwa kwake. Nikamshika na tone moja la supaglu, la kushikiza tu. Jumamosi jioni namng'oa, Jumapili anaingia mzee wa watu. Nani atajua?

Saa saba nikasikia injini. Injini kubwa, inakohoa, inakataa, halafu inashika. Nikakimbilia nje. Barabarani mchanga mtupu, hakuna hata baiskeli. Adelard alikuwa anashona. Nikamuuliza kama amesikia gari. Akasema anasikia cherehani yake na mimi.

Jumatano, 8 Juni

Mikono yangu inanuka dizeli. Nimeosha kwa sabuni ya mche, kwa limau, kwa majivu. Demetria kanitoa mezani nikale nje.

Tena ananisingizia. Anadai jana nilipojipumzisha mchana nilikuwa nakandamiza mguu wa kulia kwenye ubao wa kitanda mpaka ukapasuka, na nikaamuru Elinaza afunge mfuniko. Akataka kujua Elinaza ni nani. Nikamwambia ni mwanamume. Hakufurahi zaidi.

Chini ya tumbo la kifaru, mstari wa nne, kuna herufi mbili mpya: RO. Na kwenye minyororo udongo mwekundu. Chamazi nzima ni mchanga mweupe! Mara moja nikajua mbaya wangu. Adelard anaingia humu kunihujumu.

Nikamtegea. Asubuhi nimenyunyiza unga wa sembe chumba kizima, kuanzia mlangoni, nikatoka kwa dirisha. Saa nane nimerudi. Hakuna alama ya mguu hata moja. Kuna mistari miwili imekwenda sambamba kwenye unga, kutoka chini ya meza mpaka kitandani, upande ninaolala mimi. Imeishia pale miguu yangu inapofikia.

Kifaru kipo mezani. Nilikaa sakafuni, niseme kweli niliogopa. Halafu Demetria akarudi akauona unga wake wa wiki umemwagwa chini, nikaogopa kitu kingine.

Ijumaa, 10 Juni

Demetria amemwona bibi harusi peke yake juu ya kabati. Akauliza mwenzake yuko wapi. Nikasema amesafiri. Hakucheka. Alinitazama usoni, halafu kifuani, halafu mabegani, kama mtu anayepima. Akaniuliza kwa nini nakaa nimejikunyata hivyo, kama niko mahali pafinyu. Kweli nilikuwa nimejikunyata. Sikuwa nimejua.

Alipokwenda shule nikasema basi, yaishe. Nikachukua plaizi nimng'oe bwana. Nilivuta kidogo tu. Maumivu yakanipiga bega la kushoto nikaangusha plaizi na nikalia kama mtoto. Bega limevimba. Labda nililalia vibaya.

Nikafikiri kwa makini. Mtu mzima hakatizi jambo siku moja kabla ya ushindi. Kesho kwanza.

Jumamosi, 11 Juni

Ushindi!!!

Uwanja wa shule ulijaa. Meza moja ndefu. Waandaaji, kwa akili zao, waliniweka jirani na ghorofa la Adelard. Njiti elfu nne, kasema, bila kuulizwa. Waamuzi watatu waliipitia meza polepole, wakasimama kwa Adelard, wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Nilijua nimekwisha.

Ilikuwa saa saba. Watu wakanyamaza, sijui kwa nini, wote pamoja. Nikasikia injini ikishika. Kifaru kikaanza kutembea. Polepole, bila mkono wa mtu. Minyororo ya tyubu inazunguka! Kikageuza mtutu, kikapanda ngazi za ghorofa, kikapita katikati ya sebule, kikatokea upande wa pili na kusimama mbele ya waamuzi. Ghorofa likalala chini kama majani ya paa.

Mwamuzi mkuu akasema hajapata kuona gari linalotembea bila betri. Televisheni ni yangu, na wamenialika shindano la mkoa. Adelard alipiga magoti anaokota njiti. Wengine wanasema meza ilikuwa imeinama. Wacha waseme.

Nilipokuwa natikiswa mkono nilichungulia vioo vyangu vya karatasi ya fedha. Kulikuwa na sura tatu nyuma yangu, nyeusi, zimetulia. Nikageuka. Hakukuwa na mtu. Nikawashukuru waandaaji nikatoka.

Jioni sikumng'oa bwana. Bega.

Jumapili, 12 Juni

Arobaini. Khitma imesomwa, ubwabwa umepakuliwa. Ukafika wakati wa watani kurudisha. Nilichekesha kidogo, nikadai ng'ombe wangu na ndama, wakanipa jogoo yuleyule, nikampokea kwa nderemo. Nikamkabidhi Nusaiba boksi, naye akaingia nalo nyuma ya pazia.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Nilikuwa nimemfunika bwana kwa mfuniko wa dereva na kuuchorea mstari wa rangi uonekane umeshikana. Ningesema umeganda wenyewe, kijitu chao wakiweke juu.

Nilisikia mfuniko ukifunguliwa. Walioshika sahani wakaacha kutafuna. Nilijiandaa kutukanwa. Nilistahili, na nilijua hivyo.

Bi Mwanakombo hakutukana. Aliuliza jina la mstari wa nne ni la nani. Nusaiba akasoma kwa sauti: Romani. Herufi zote sita, vizuri kabisa, mwandiko wa sindano.

Kisha nikasikia mama anashusha pumzi, ile ya mtu aliyetua mtungi. Akasema wale vijana walikuwa wanaita dereva. Siku zote wanaita dereva tu, hawakuwahi kutaja jina. Mumewe hakuwa na amani kwa sababu kiti kilikuwa kitupu. Sasa kina mtu, tena mtu aliyekaa kwa hiari yake. Basi mzee wake atalala.

Mkono ukatoka nyuma ya pazia, ukanirudishia kifaru. Kijitu cha mkorosho alibaki nacho. Akanishukuru mara tatu, akanipa pole mara moja.

Jumanne, 14 Juni

Mambo yangu yamenyooka. Televisheni ninayo, Adelard sina shida naye, na kifaru ni changu kabisa, kwa baraka za mjane, mbele ya mashahidi! Jogoo amekataa kuingia ndani ya nyumba. Nimemchinja.

Demetria ameondoka asubuhi kwenda kwa dada yake Rosalia, Boko, na bibi harusi yuko mkobani mwake. Amelia sana. Aliniomba nimfuate, nikiache hiki kitu nje barabarani nimfuate. Nikataka kuinuka. Miguu inakufa ganzi siku hizi nikikaa sana. Nikamwambia atangulie, nina kazi. Kwa kweli amenipa nafasi, chumba kilikuwa kidogo mno, kuta zinanigusa mabega huku na huku.

Nimegundua kosa langu liko wapi. Rangi! Kijani cha mlango hakifai, kinang'aa, waamuzi wa mkoa wataniumbua. Leo nimekipaka upya chote, na nimemrekebisha dereva uso, maana jana alikuwa anatabasamu na leo hatabasamu. Kesho natafuta mota ya redio mbovu, kiwe na nguvu ya kupanda mlima.

Saa saba kasoro. Joto halisemeki humu. Kuna watu wanagonga, kwa juu, juu ya bati, mara tatu, kwa adabu, wanaita dereva. Nimewaambia wangoje kidogo, rangi haijakauka.