Video ya Macho ya Mama Upendo

Jumatano, 5 Machi 2025

Nimepakwa majivu. Kwaresima hii nimeamua kuacha sukari na kuacha kumsema Athanas. Sukari nimeweza.

Mke wangu Eufrazia, Mama Upendo, ana presha ya macho. Jicho la kulia linafifia. Daktari wa mjini katuambia wazi: nuru iliyoondoka hairudi, operesheni ni ya kuokoa iliyobaki, tusichelewe. Binti yetu Upendo, aliyeko Dar, katufungulia ukurasa wa kuchangisha mtandaoni. Kasema nipige video fupi kwa simu, mama aongee mwenyewe, basi.

Kwa simu! Kama Athanas! Jirani huyu mvua ilimbomolea nyumba mwaka jana, akajirekodi simu inatetemeka, mbuzi wanalia, kamasi zinamtoka. Watu wakamchangia, mabati yakaja yote. Aibu tupu. Mke wangu hatatangazwa hivyo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempata Stambuli, mpiga video za harusi wa Morogoro mjini. Ramadhani hakuna harusi, kwa hiyo kapanda huku Mgeta kwa malipo ya mafuta ya pikipiki na gunia la njegere. Kaja na saumu yake na droni.

Kamera ni mgeni, na mgeni huandaliwa. Nimepaka ukuta chokaa. Nimeazima makochi ya katekista, wanaume wanne wameyapandisha mlima. Mama Upendo kavaa sare ya WAWATA, akina mama wa kanisani, kasuka, kang'aa. Nikamwambia aitazame kamera. Akauliza ipo upande gani. Nikajifanya nakohoa.

Droni imeruka juu ya matuta ya kabichi. Kuku hawajarudi bado.

Ijumaa, 14 Machi

Video imepanda! Maandishi ya dhahabu, kinanda, maua ya waridi yanadondoka kutoka juu. Stambuli kasema ndiyo urembo alionao kwenye kompyuta, huwawekea maharusi wote. Nimelia kwa uzuri.

Nikamsogezea Mama Upendo simu usoni. Kasema anaona weupe tu unacheza. Kasikiliza mpaka mwisho, akauliza mbona yeye hasikiki. Nikamwambia kinanda ndicho kinachoongea.

Jumanne, 25 Machi

Hongera zaidi ya mia mbili! Mchango mmoja, wa Upendo mwenyewe.

Watu wanatutakia ndoa njema. Mmoja wa Dumila kaandika Mungu atufikishe jubilei ya dhahabu. Mwingine anauliza makochi tumenunua wapi. Upendo kapiga simu, sauti imemkauka: baba, toa hayo maua, hakuna anayejua kama mama anaumwa. Nikamwambia ana haraka. Nikampigia Stambuli. Kasema, mzee wangu, hapo tuongeze njiwa.

Njiwa! Mbona sikuwaza?

Leo Mama Upendo kajimiminia chai mkononi badala ya kikombeni. Nimesali rozari nzima nimemshika mkono huo huo. Katikati nilipotea. Nilikuwa nawaza njiwa. Mungu anisamehe.

Jumatano, 9 Aprili

Athanas!

Jumapili iliyopita kapita shambani kwetu na simu yake. Kamkuta Mama Upendo anachuma njegere kwa kupapasa, anabonyeza kila ganda ajue kama limejaa. Kamwuliza, shemeji, unaona kweli? Kajibu la kulia limeshalala, shemeji. La kushoto linaona mwanga, na uso wa Baba Upendo akinisogelea sana. Basi. Nusu dakika. Mbuzi wanalia nyuma.

Kairusha kwenye kundi la simu la kigango, kanisa letu la huku kijijini, ikashuka hadi kwa wanunuzi wa mboga huko Dar. Siku tatu tu, fedha za operesheni zimetimia.

Nimeitazama mara moja. Ya pili nimeshindwa. Sikujua kama la kulia limeshalala. Hakuniambia. Au aliniambia siku ile ya droni.

Nimekwenda kumshukuru Athanas. Nikajikuta namwambia kidole chake kinaonekana pembeni.

Alhamisi, 24 Aprili

Operesheni imefanyika. La kushoto limebaki na kile kidogo lilichokuwa nacho. Kwa upole daktari kasema tungefika mapema mwezi wa tatu, hata la kulia tungeliwahi.

Mapema mwezi wa tatu nilikuwa napaka chokaa.

Nimetoka nikakaa kwenye benchi. Mama Upendo kanifuata kwa kushika ukuta, kanipapasa mpaka kanipata bega. Kasema nisilie mbele ya watu. Nimeahidi mbele ya Mungu: mapambo basi.

Jumapili, 4 Mei

Baada ya Misa nimewaza. Waliotuchangia wanastahili asante ya heshima. Haiwezi kuwa ya simu! Stambuli sasa ana harusi nyingi, lakini kanipa saa moja. Makochi yamepanda mlima tena. Safari hii njiwa wapo.

Mama Upendo kaivaa sare ya WAWATA ndani nje. Nilitaka kumwambia, nikaishia kumnyoosha kola. Stambuli kasema, mzee wangu, usihangaike, maua yatafunika.

Nimemgeuza uso taratibu kuelekea kamera. Kauliza kama safari hii atasikika.

Nikamwambia tutaona, kinanda kikimaliza.