Nani Alinyonga Mafinga?

Jumatatu, 2 Juni

Vita! Kwenye semina ya uzamili hapa Mbeya nimesema wazi: hadithi fupi ya marehemu Sosthenes, ile ya seremala anayenyongwa na rafiki yake, imetokana na mauaji ya kweli. Uchungu ule haubuniwi. Ezron akacheka. Eti basi aliyetunga ngano za sungura mjanja aliibiwa kwanza na sungura. Darasa zima hoi! Dk. Atuganile akaamua: Ijumaa tupambane kwa hoja, mshindi ndiye wa kongamano la Iringa mwezi ujao. Nafasi moja tu. Yangu!

Jumatano, 4 Juni

Mafinga. Vumbi la mbao mpaka kwenye chai. Nimempata mjane wa Sosthenes, Bibi Yusta. Nikamuuliza, kwa ujanja, ni tukio gani lililompa marehemu hadithi ile. Akasema marehemu aliwaona seremala na rafiki yake Kalinga. Kalinga alinyonga, mwanangu, alinyonga mpaka mishipa ikamtoka shingoni, na seremala yuko nyuma, kimya. Mungu wangu! Nikazima kurekodi hapo hapo. Bibi bado anaongea, sijui mlima gani. Mlima wa nini tena?

Ijumaa, 6 Juni

Nikawasikilizisha rekodi ya Bibi. Ezron akauliza, taratibu kabisa: seremala alikuwa nyuma ya nini, dada? Nyuma ya muuaji, nikajibu. Dk. Atuganile akataka Bibi apigiwe, sauti wote tuisikie. Bibi akashangaa. Nyuma ya baiskeli! Seremala aliumia mguu, Kalinga akamnyongea mlima mzima. Mgonjwa alipona, sasa anauza milango Uyole. Kisha Kalinga mwenyewe, aliyekuwa kwa Bibi, akashika simu. Yeye ni mzee wa kanisa. Eti nimtaje huyo aliyenyongwa! Kicheko mpaka korido. Iringa anakwenda Ezron.

Jumanne, 17 Juni

Ezron kachapisha hadithi fupi kwenye jarida la chuo! Msomi wa kike, sweta la kijani kama langu, anamsingizia mzee wa kanisa mauaji. Wenzangu wamekaa wanasubiri nilie. Nilie? Kumsingizia mtu mauaji ni kosa mbele ya sheria. Kosa langu la kweli limezaa hadithi fupi. Nilisema! Nimemwandikia Dk. Atuganile aniongezee kiti Iringa. Watafiti wengine watakwenda na tanbihi. Mimi nitakwenda na mhalifu mzima, aliye tayari kujibu maswali.