Matope Yaliyokataa Kuchora Pete

Lubumbashi, Jumatano

Bwana Mkurugenzi wa Maabara,

Kwa heshima na hofu, najibu demande d'explication, ile barua ya kunitaka nijieleze, uliyonipa jana. Nina saa arobaini na nane za kueleza kwa nini matope ya jaribio letu hayakuchora pete mbele ya wageni wako, la sivyo kazi yangu ya ukarani imekwisha. Basi namshtaki mkosaji halisi, yaani matope yenyewe.

1. Amri yaliijua. Note yako ya kazi niliibandika kwenye silinda kubwa ya kioo, maandishi yakitazama ndani, ili yasome. Iliagiza kwamba silinda ndogo ya ndani ikizunguka, chembe zilizo majini zijipange pete juu ya pete, kama ulivyoandika katika ripoti wiki moja kabla ya jaribio.

2. Badala yake yalipanda yakijisokota kama parafujo. Mgeni wako, Mama Laurentine, alicheka: "Directeur, pete iko wapi? Miye niko naona nyoka!" Papa Chilufya, fundi wa mashine, akayaonyesha matope kidole, akamjibu: "Mama, hii potopoto haiogopake muntu."

3. Nilipoyaonya kwa sauti ya chini, yalifanya mawimbi. Asiyesoma angesema chembe zina tabia zake. Sisi tuliosoma tunajua kwamba ripoti ikishatiwa sahihi, maumbile ndiyo yanayopaswa kujirekebisha.

4. Silinda ya ndani ilizunguka ikijua kinachotokea. Ya nje ilisimama tu ikitazama, kama wakuu wetu wa idara. Zote mbili ziandikiwe onyo.

5. Matope yahamishiwe Mitwaba, mbali kule mashambani, bila kuagwa.

Msalimie Mama nyumbani, wasalimie wakuu wote wa idara, na wale wageni pia, kama bado wanapokea simu zako.

Karani wako mwenye wasiwasi,
Syntiche Nkandu

P.S. Asubuhi hii nimerudia jaribio kwa matope mepesi niliyoyaandaa mwanzoni, kwa mwendo uleule. Pete zimetoka, safi kabisa. Kwa hiyo matope hayana kosa. Nafuta mashtaka yote. Yaliyojisokota ni yale uliyoniamuru kwa maandishi niyaongezee ndoo nzima ya chembe, ili wageni waone vizuri. Nilikueleza kwamba chembe zikizidi, umbo hubadilika. Nakala ya amri hiyo nimeiambatisha, na sekretarieti imekwisha kuigonga muhuri wa kupokelewa. Muhuri unasomeka vizuri.